Eda ya Bi Zuwena

Najua utakavyosema. Nishasemwa na mume wangu, nishasemwa na wenzangu kazini, na daktari mmoja hapa Nizwa aliniuliza kama siku ile nilikunywa maji ya kutosha. Nilikunywa. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na jua lilikuwa bado liko juu, mtu unamwona mpaka kope zake. Nitakwambia ilivyokuwa, kisha wewe fanya utakalo.

Kwanza umjue bibi yangu, Bi Zuwena, mama wa baba yangu. Yeye na mumewe, babu Nasoro, walikuja Oman kutoka Unguja wakiwa vijana, wakati huku ndani hakujakuwa na lami. Babu alijua gari. Akapata lori, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kupakia abiria kutoka Nizwa kwenda Matrah kwa njia ya Samail, humo humo ndani ya mabonde ya changarawe, watu wamekaa juu ya magunia ya tende. Na bibi alikaa mbele pembeni yake, kila safari. Unajua kwa nini? Kwa sababu zamani zile mwanamume gani angemwacha mkewe apande lori la mtu baki? Lakini dereva akiwa na mkewe, basi, hapana aibu. Wanawake wangapi walifika hospitali kwa sababu bibi alikuwa ndani ya lori lile, Mungu ndiye ajuaye. Mimi huwa nasema usukani ulikuwa wa babu, lakini lori lilikuwa la bibi.

Safari moja tu hakwenda. Alikuwa kitandani, amemzaa baba yangu. Siku hiyo babu alikwenda upande wa Bahla, na wakati wa kurudi mafuriko yakamkuta kwenye wadi, bonde la mto usio na maji mpaka mvua inyeshe, karibu na Tanuf. Lori likaonekana limepinduka. Abiria wote walisalimika. Babu hakuonekana, wala kilemba chake.

Hapo ndipo mawifi wa bibi walipomfanyia kosa, na walilifanya kwa huruma. Walimwona mzazi mbichi, wakaogopa kumwambia mumeo kafa. Wakamwambia ni mughayyab. Neno hilo huku kwetu linajulikana: ni mtu anayedhaniwa kafa, kumbe wachawi wamemchukua, wanamtumikisha mahali, yu hai lakini hajijui, na siku moja huenda akarudi. Bibi akalishika hilo kwa mikono miwili. Baadaye watu walipomwambia habari ya maji, akawajibu, kama ni maji, maiti yake iko wapi? Hakukaa eda, maana eda hukaliwa na mjane, na yeye akisema ana mume. Posa zikaja, akazirudisha. Baba akakua, akaoa, akanizaa mimi, na bibi bado mke wa mtu.

Mwisho mzigo ukaniangukia mimi. Kila Alhamisi nilikuwa nampeleka Bahla, kwa kuwa Bahla ndiko watu wanakokutaja wakizungumza uchawi, ingawa wenyewe wa Bahla wanacheka tu. Bibi anakaa kwenye kiti chake sokoni, anatazama nyuso za wazee wa kiume, mmoja mmoja. Wengine wanamtania, wengine wanakasirika. Mimi natamani ardhi ipasuke nijitie. Nilikuwa namwonea huruma, lakini kwa kweli nilikuwa nimechoka hoi.

Alhamisi hiyo tulikuwa tunarudi, baada ya sala ya alasiri. Bibi yuko mbele, amefumba macho, ameegemea dirisha. Tulipokaribia njia ya Tanuf nikamwona mzee kando ya barabara, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni kama mtu anayetaka kuvuka maji, viatu mkononi. Wadi ilikuwa kavu kabisa. Mimi sipakii mtu nisiyemjua, muulize yeyote. Siku hiyo nilisimama. Mzee akafungua mlango wa nyuma, akapanda, akatoa salamu.

"Mnarudi Nizwa?" akauliza kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Wala sikujiuliza kajuaje lugha yetu. Hata hatujafika mbali akaanza: "Punguza mwendo. Shusha gia, changarawe inateleza hapa."

"Mzee, hii ni lami. Na gari hii gia inajibadilisha yenyewe."

"Ajabu," akasema, kama mtu aliyeudhika.

Baadaye akauliza tulikotoka. Nilivyokuwa nimejaa, nikamwaga yote, kwa sauti ndogo nisimwamshe bibi: soko, nyuso za watu, mume aliyechukuliwa. Alinisikiliza bila hata kukohoa. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kama ninavyoikumbuka Alhamdu.

"Hakuna aliyemchukua. Aliwashusha abiria, akawavusha kwa miguu, wanawake kwanza. Akarudi kuvusha lori, maana lori ndilo lililokuwa likilisha nyumba. Maji yakaja kutoka mlimani. Alikufa pale pale, mwanangu. Mwambie asitazame tena nyuso za watu. Mwambie akae eda yake, khalas, apumzike."

"Wewe umeyajuaje haya?"

Akasema tu, "Nishushe hapa."

Sasa nisikilize vizuri. Milango ya nyuma ya gari yangu haifunguki kwa ndani, nimeifunga hivyo kwa ajili ya watoto wangu. Kwa hivyo nikasimama, nikashuka, nikazunguka kumfungulia. Kiti kilikuwa kitupu. Kiti cha mtoto, pakiti ya biskuti, basi. Nikainama kutazama chini kama mwehu. Nikatazama barabara mbele na nyuma, mahali peupe, hapana hata mti wa mtu kujificha. Nikaushikilia mlango.

Ningekuwa peke yangu, wallahi, na mimi ningesema ni jua. Lakini kutoka kiti cha mbele bibi akauliza, macho bado kafumba: "Keshashuka?"

"Bibi, kumbe ulikuwa macho?"

"Tangu alipokukaripia mwendo. Nikamjua."

"Na mbona hukusema naye? Mbona hata hukugeuka?"

"Alikuwa hapendi kukatizwa akizungumza," akasema. "Na ningegeuka nikaona sura si yake, ningeanza upya kutafuta. Sauti imenitosha."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona bibi akilia, maishani mwangu. Alilia kwa sauti, kama msichana, na mimi nimemshika mkono kando ya barabara, magari yanapita. Alipomaliza akajipangusa kwa ncha ya mtandio, akashusha pumzi, akasema ana njaa. Nikaangua kicheko, machozi yananitoka, naye akacheka. Sijapata kuona raha kama ile.

Sheikh tuliyemuuliza alituambia eda yake imeshapita zamani, hana tena linalomlazimu. Bibi akamjibu, "Ilinipita niko sokoni." Akavaa nyeupe, akakaa ndani. Wanawake wakaja kusoma hitima. Na baba yangu, mzee mwenye ndevu nyeupe, akasimama mlangoni kupewa mkono wa taazia ya baba aliyemfia akiwa kichanga. Mwanzo aliona haya. Haukupita muda akawa analia, na watu wamemkumbatia.

Alipotoka eda bibi akaoga, akajifukiza udi, akaniambia nimpeleke Sur, mbali huko pwani. Nikamuuliza, kuna nini Sur? "Hakuna kitu. Nataka kutembea." Tukaenda, tukala, tukarudi.

Mimi mpaka leo siingii garini bila kutazama kiti cha nyuma kwanza, na Tanuf sipiti peke yangu. Lakini bibi analala usiku kucha, na Alhamisi zangu ni zangu.

Nawe nakuonya. Kama nyumbani kwenu yuko mtu mliyempoza kwa maneno matamu, kwa kuwa siku ile ukweli ulikuwa mzito, msiyaache yakakaa. Mwambieni leo, mlie naye. Mawifi wa bibi walikuwa wanawake wema, wamekufa wote, Mungu awarehemu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kurudi kwake na kumwambia tulikudanganya. Ilibidi babu aje mwenyewe.