Hodi Mpakani

Mdogo wangu wa kiume anaishi Ireland, katika kijiji cha upande wa jamhuri. Hospitali ambayo mkewe alipangiwa kujifungua iko Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, mwendo mfupi kwa gari. Zamani Mkanada kama mimi alipita tu. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya ikaja na taratibu zake, na sasa mgeni mwenye pasipoti kama yangu huomba kibali kwanza, hata akivuka kwa miguu.

Niliomba. Kibali hakikuja.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikalea wadogo zangu wawili. Mama angekuwa hai, yeye ndiye angempokea mjukuu hospitalini. Nafasi hiyo ilikuwa yangu, na niliitaka.

Jumapili baada ya kanisa, mdogo wangu wa kike alitoka mtaa wa Agincourt akaja kwangu Kingsview Village, huku huku Toronto, kunisaidia kufunga mizigo. Tukampigia simu baba mtarajiwa. Akasema nisihangaike na kibali, mpaka wenyewe ni barabara tu, hakuna kizuizi wala askari. Ningejua nimevuka pale vibao vya mwendo vinapoanza kuandika maili badala ya kilomita.

Nikamuuliza ni nani atakayekuwepo nimbishie hodi.

"Hakuna mtu, Dada."

"Basi siingii."

Mdogo wangu wa kike akaniuliza ni mwizi gani huyo anayevamia nchi ya watu na unga wa wimbi wa uji wa mzazi. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku, na hapo ndipo lilipokubali kufungika.

Nikasafiri. Uchungu ulipoanza, mdogo wangu alimwingiza mkewe garini, akaniachia mlango wazi.

"Dada, panda. Nafasi hii haitarudi."

"Najua. Endesha, mkeo anaumia."

Nikabaki jikoni nikipika uji. Nilikoroga kuliko uji unavyohitaji.

Mtoto aliletwa siku iliyofuata, wa kike. Alikuwa amevuka mpaka bila karatasi yoyote, tena amelala. Nilimpokea mlangoni.

Kibali kiliingia kwenye simu siku moja kabla sijarudi Toronto. Mdogo wangu akanipeleka ng'ambo. Akasimamisha gari mbele ya hospitali, akanionyesha kwa kidole dirisha la ghorofa ya pili.

"Ni pale."

Nilitazama. Pazia lilikuwa la kijani. Nikamwambia tugeuze turudi nyumbani, mtoto asije akaamka.