Mbwa Mwenye Jina

Mkamata mbwa wa kanjo, yaani wa serikali ya jiji, hana haraka. Akifika mtaa wa Umoja huegesha gari mbali, huchomeka suruali ndani ya soksi, kisha huja taratibu, fimbo yake ya kitanzi ameificha mgongoni kama mtu aliyebeba zawadi. Mikono yake ina makovu ya meno hadi viwikoni. Sauti yake haipandi. Raho humtazama kutoka dukani kwake na kumchukia kimoyomoyo, ingawa yeye mwenyewe hapendi mbwa. Mmoja akipita karibu, hukusanya buibui lake asiguswe.

Siku aliyomnasa mbwa wa ploti yao ya kupanga, yule wa rangi ya chai anayelishwa na kila mlango, aliuliza kama kawaida yake, "Ana mwenyewe?" Wapangaji wakainamia simu zao. Nani akubali, ashtakiwe kwa kumwacha mbwa azurure? "Haya, anaitwa nani?" Akaanza kumvuta kuelekea garini, polepole mno, akigeuka nyuma kila mara. "Bosco!" Raho akashtukia ni sauti yake mwenyewe. "Anaitwa Bosco." Mbwa akatikisa mkia. "Mwenye jina ana mwenyewe," mkamata mbwa akasema, akaomba kipande cha kamba dukani, akamfunga shingoni, akamwachilia. Raho ana watoto wanne, na mtaa mzima humwita Mama Nuradin. Ila mkamata mbwa, kila akipita, huinua mkono wake wenye makovu na kusema kwa sauti ile ile isiyopanda, "Habari ya asubuhi, Mama Bosco?" Naye huitika.