Kovu la Nyangate

Nyangate alirudi Nyamira mwaka 1998 akitembea mwenyewe, na hilo ndilo lililomponza. Huko Nairobi madaktari walikuwa wamemkata kipande cha utumbo kilichoharibiwa na uvimbe wa miaka mingi, ule uliomkimbiza chooni mchana kutwa. Walimtoboa matundu madogo, wakaingiza kamera nyembamba, kisha kipande wakakitoa kupitia mkato mfupi karibu na kitovu. Wakamwonya kwamba ugonjwa unaweza kurudi, asiache dawa.

Sasa nani angeamini? Baba mkwe wake, Mzee Ondieki, aliwahi kupasuliwa fuvu na omobari, mganga wa kienyeji wa kufungua vichwa, na kovu lake lilipita utosini kama njia ya ng'ombe. Kwake, huo ndio upasuaji.

"Wamemdanganya," alimwambia mkewe, Orpah. "Akianguka shambani, watu wa kwao nitawaambia nini?"

Basi chai ya Nyangate ikabaki kwa Abigael, mke wa shemeji yake, aliyepewa aichume tangu ugonjwa ulipozidi. Chai aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe! Ilimchoma moyo. Lakini amwonyeshe mzee tumbo? Mwiko! Mkamwana na baba mkwe hawatajiani hata choo, sembuse kitovu. Orpah aliyatazama makovu, akasema yanafanana na ya upele, na mzee akapelekewa habari hizo hizo.

Nyangate alipumzika kama alivyoagizwa. Muda ulipokwisha, akamwendea Orpah jikoni.

"Mama, sitabishana. Kesho nachuma."

"Na mzee akikataa?"

"Aje anifukuze yeye mwenyewe."

Asubuhi alijitwika kikapu mgongoni, akaingia mistari ya juu, inayoonekana vizuri kutoka barazani kwa mzee. Zamani kikapu chake kilizoeleka kuonekana chini peke yake, mwenyewe katimua mbio. Leo hakikugusa ardhi. Umande ukakauka. Tumbo likanguruma, akashikwa na hofu, kisha likatulia. Akaendelea kuchuma. Mzee alikuwa ameketi, uso ameugeuza upande kama adabu inavyotaka, jicho likiibia.

Jua lilipofika utosini, Nyangate alikuwa bado ndani ya chai. Mzee akakohoa, akapaza sauti ifike mistarini.

"Orpah! Mwambie Abigael akachume kwake. Hii chai ina mwenyewe."

Nyangate akaangua kilio katikati ya majani, kikapu kingali mgongoni.