Siku Mama Alipowafukiza Samaki

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja na robo jioni, lori la baba lilipoingia uani kwetu Busia likidondosha maji ya bahari. Ni mwaka wa sitini na saba, nami niko kidato cha pili, nimekuja nyumbani kwa likizo ya Agosti. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango kama kawaida yangu, maana dereva wetu ana mdomo, na akikuona hakosi la kukutania.

"Mzee, leo nimeteseka," alimwambia baba kabla hata hajashuka. "Nimeshusha mzigo Malaba, askari ananiuliza hii maji ya kwa pipa ni ya nini. Nikamwambia ni bahari. Akasema mimi nimelewa. Halafu akaonja."

"Akasemaje?"

"Alitema mate, akaniambia niende haraka nisije nikamwaga bahari kwa barabara yake."

Baba hakucheka. Alipanda nyuma ya lori, akafunua pipa moja baada ya jingine, akakaa ameinama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wako hai."

Nieleze. Baba alizaliwa Mombasa, akaja huku na malori yake kabla mimi sijazaliwa. Mama pia ni wa huko. Sasa kwa muda wa zaidi ya mwaka baba alikuwa anajenga bahari sebuleni kwetu. Usidhani nasema chombo cha kuweka mezani. Ni tangi linaloshika ukuta mzima na kunifika kifuani. Pande tatu ni zege, na mbele ni kioo kinene kilichokuwa dirisha la duka. Fundi aliyelijenga, mtu wa Funyula, aliliona kama kaburi, na kila asubuhi alimuuliza mama, "Mama, huyu maiti wenu atakuwa mrefu kiasi gani?" Mama alikuwa anamchelewesha chai.

Kioo kilizibwa pembeni kwa lami. Halafu tukajaza maji ya mvua na kuyamwaga, tukajaza tena na kumwaga tena, mpaka saruji ikaacha kuuma ulimi. Ulimi wenyewe ulikuwa wangu. Baadaye kila lori lililotoka pwani lilileta maji ya bahari kidogo, kwenye mapipa ya mbao, kwa sababu baba alisema bati lingeyatia sumu. Mawe ya matumbawe yalikuja yamefungwa ndani ya magunia yaliyolowa. Tulipoyapanga ndani ya tangi, kaa wadogo kama punje za mahindi walitoka matunduni wakatutazama.

Umeme hatuna. Hewa ya samaki ilitoka kwenye tyubu za magurudumu ya lori. Tyubu zililala sakafuni kando ya tangi, unazijaza kwa pampu ya mkono, kisha hewa inatoroka polepole kupitia mpira mwembamba, ule wa kupitishia dripu hospitalini, na kupanda majini kama ushanga. Hilo lilikuwa wazo la baba, na sijui kama kuna mtu mwingine angeliwaza ila mwenye malori.

Mama hakulipenda tangi. Lilikuwa limekula sebule yake. Viti vilibanana mlangoni hata wageni wakawa wanaingia kwa ubavu. Samaki wa kwanza, walioletwa likizo ya Aprili, walifia njiani wote, na siku hiyo mama alimwambia baba mbele yangu, "Nakupa mara moja nyingine, baba watoto. Hao wa pili wakifa, fundi wako arudi na nyundo, nami nirudishiwe sebule yangu." Baba alikubali. Mama yangu hasemi jambo asilokusudia.

Mimi nilitaka wapone, na sababu yangu si nzuri sana. Tangu tangi lijengwe, wageni wakiingia hulitazama lenyewe. Zamani walinitazama mimi, wakaniuliza masomo, wakaniuliza nitaolewa lini, nami nikabaki kuhesabu vidole vya miguu.

Basi jioni ile samaki waliingizwa kwa uangalifu, maji ya pipa yakichanganywa na ya tangi kikombe kwa kikombe. Walikuwepo kitatange wenye mistari ya manjano na buluu, wembamba kama visahani, na wengine weusi wadogo ambao mara moja walijificha kwenye matumbawe. Majirani wakaja. Mwanamke mmoja muuza samaki wa ziwani alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni.

"Hawa wanapikwa na nini?"

"Hawapikwi, dada," akamjibu dereva. "Hawa ni wa kukaa na kula chakula cha mzee, kama mimi."

Adhana ya magharibi ikasikika. Baba akaenda msikitini, akamwachia dereva kazi ya kujaza tyubu.

Kwetu, Alhamisi kuamkia Ijumaa nyumba hufukizwa. Na mgeni akiingia kwa mama yangu, awe anampenda au hampendi, hupewa udi. Basi mama akaja na chetezo chake cha udongo, makaa mekundu, moshi mzito, akasimama mbele ya tangi.

"Mmekuja bila kualikwa," aliwaambia samaki, "lakini mmekuja."

Akakizungusha chetezo mara kadhaa, akakiweka sakafuni mahali palipokuwa na nafasi. Nafasi yenyewe ilikuwa karibu na pampu. Dereva aliendelea kupampu, akipiga chafya na kuwahadithia wanawake mambo ya askari wa Malaba.

Nilikuwa nimeegemeza pua kwenye ukingo wa tangi. Kitatange mmoja alipanda juu akaanza kufungua mdomo hewani. Akafuata wa pili. Punde wote walikuwa juu, midomo ikifunguka na kufungika. Nikaona kila povu likipasuka linaacha kijimoshi cheupe. Nikanusa.

Sebule ilijaa watu, nami sisemi mbele ya watu. Nilimvuta mama mtandio.

"Mama, mapovu yananukia udi."

Aliinama akanusa. Akatazama samaki, akatazama chetezo. Najua alichokuwa anawaza, kwa sababu macho yake yalipita kwenye viti vyote vilivyobanana mlangoni. Alikuwa hana haja ya kufanya lolote. Angengoja tu.

"We, acha kujaza," akamwambia dereva. Akautoa mpira majini mwenyewe. "Toa tyubu zote nje, uzitoe moshi, uzijaze upya huko huko. Na nyinyi, fungueni madirisha. Sufuria ziko wapi?"

Tukachota maji ya tangi kwa sufuria na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa safi, mama na mimi na yule muuza samaki, mpaka mikono yetu ikafa ganzi na kanga zikalowa chumvi. Baba aliporudi alitukuta hivyo.

"Kuna nini?"

"Nimewafukiza," mama akasema, bila kuacha kuchota.

Baba alishika kichwa. Lakini wakati huo kitatange walikuwa wameanza kushuka, mmoja mmoja, kurudi kwenye mawe. Mmoja tu mweusi alibaki juu, amelala ubavu. Baba alimtoa kwa kiganja, akamtazama mama, akingoja hukumu.

"Huyo nimemuua mimi," mama akasema. "Hahesabiwi."

"Na sebule?"

"Sebule gani? Unaona watu wanapita wapi hapa?" Akamgeukia muuza samaki, akamtengea kiti. "Kaa, dada, uwatazame vizuri. Yule mkubwa ana kiburi, tazama."

Nilikwenda kulala nikiwa nanuka bahari na udi.

Asubuhi niliamka kabla sijaitwa. Nilizitoa tyubu zilizolegea, nikazikokota uani pamoja na pampu, nikaanza kuzijaza. Mama alikuwa anakaanga mandazi, na moshi wa jiko ulikuwa unakuja upande wangu. Nikaacha kupampu, nikazikokota tena hadi upande wa pili wa lori, nikanusa hewa, nikaendelea.