Siku Nilipolipigia Kelele Jina la Namba Tisa

Jamani, kuna aibu za kusimulia ukicheka na kuna aibu za kusimulia ukiangalia chini, na hii yangu ya Ngorongoro sijaamua bado iko fungu gani, maana miaka yote hii nikimwona tu mtu ameshika kipaza sauti kiwanjani masikio yananiwaka moto (mke wangu anajua, ndiyo maana kwenye shughuli za watu hunikalisha nyuma kabisa, mbali na washereheshaji).

Wakati huo, miaka miwili mitatu hivi baada ya Uhuru, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, Mwiraqw wa Karatu, jina Gwandu, mpima sukari katika duka la Mzee Salehe, na kwa maoni yangu mwenyewe mwandishi mkubwa ambaye kwa bahati mbaya dunia ilikuwa haijapata habari zake. Nilikuwa nimeandika nini? Hakuna. Nilikuwa na daftari, kalamu ya risasi, na ugonjwa mmoja: kuogopa kufa. Sisemi kuogopa kama watu wote wanavyoogopa, mimi nikikohoa mara mbili nilianza kuwaza nani atarithi koti langu, na mara nyingi mteja alinikuta nimeacha mizani nimejishika kifundo cha mkono nahesabu mapigo ya moyo, hadi siku moja Mzee Salehe akaniuliza, "Mwanangu, unapima sukari au unapima roho?"

Kaburi lenyewe halikunisumbua sana. Kilichoninyima raha ni kwamba ningezikwa kijijini kwetu Daa, mvua zingenyesha mara mbili tatu, na baada ya hapo hakuna kinywa ambacho kingetamka tena neno Gwandu. Nikajiambia dawa ni kuandika kitabu, jina likae juu ya jalada kwa herufi kubwa, halafu hapo nikifa nimekufa nusu tu.

Sasa, vitabu nilivyovijua mimi vilikuwa vya katuni. Rafiki yangu Koinet, Mmasai wa Ngorongoro aliyefanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii kule juu ukingoni mwa kreta, aliokota vile walivyoviacha watoto wa wageni na kuniletea kwa lori la mboga, nami nikampa ugoro ampelekee mama yake. Kiingereza cha vitabu hivyo nilikielewa kwa kubahatisha, lakini nilivipenda kwa sababu moja kubwa: humo hafi mtu. Jamaa anaporomoka gengeni ukurasa wa kumi, ukurasa wa kumi na moja yuko juu ya farasi, kofia haijapinda. Nilivisoma kama mgonjwa anavyokunywa dawa.

Koinet alikuwa na kaka yake, morani, mshambuliaji wa timu ya Ngorongoro, aliyevaa jezi namba tisa. Huyo alikuwa mtu wa ajabu. Alicheza peku, alikimbia kama hana mapafu ya kuchoka, na mwaka mmoja alitufunga Karatu magoli matatu kwetu wenyewe, halafu akaja kwangu kuangalia picha za katuni (kusoma hakujua), akacheka mpaka akakaa chini. Masika yaliyofuata dereva wa lori la mboga alishuka dukani akasema Namba Tisa kafa, kifua, siku nne tu. Alinizidi umri kwa miezi tu. Nilikaa juu ya gunia la sukari nikashindwa kusimama, na nawaambia ukweli, nilimlilia yeye, na kidogo nilijililia mwenyewe.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilichukua karatasi za kaki za kufungia sukari nikachora katuni ya kurasa ishirini, Namba Tisa anawapiga chenga nyati, Namba Tisa anaruka kreta kwa hatua moja, Namba Tisa anapiga shuti mpira unakwama mwezini, na juu ya kila ukurasa, kila mmoja, nikaandika jina lake kwa herufi nene za wino mwekundu. Ukurasa wa mwisho hafi, anaingia kwenye ukungu na mpira wake. Mzee Salehe alizionyesha kwa mtu mmoja wa Arusha mwenye mashine ya kuchapa, naye akajibu kwamba atazichapa ziwe kitabu, ila ndugu za marehemu waridhie kwanza. Siku hiyo moyo ulinidunda mapigo ambayo sikuyahesabu.

Na kama vile mambo yamepangwa, Karatu tukawa tunapanda Ngorongoro kucheza nao mechi, na Koinet akaleta salamu: "Gwandu, wewe una maneno mengi, njoo ututangazie mpira." Fundi wa mabati akanitengenezea koni ya kupaazia sauti. Nikapakia koni, nikapakia kurasa zangu, nikapanda lori na wachezaji, njia nzima nawaza, ndugu zake wakidharau? wakikataa? nikifa kwenye kona kabla ya kufika?

Tulikuta ukungu, baridi ya kutafuna meno, na watu wengi kuliko nilivyotegemea, wazee na fimbo zao, morani, wanafunzi wa shule, akina mama na shanga zao. Mama yake Koinet alikuwepo. Nikamwendea, nikainama, nikamwamkia kwa Kimasai, "Yeyo, takwenya," yaani mama, shikamoo, akaitika "Iko" na kunishukuru kwa ugoro. Kurasa zilikuwa kwapani. Ningempa palepale, kimyakimya, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini hapana, mwandishi mkubwa nikaona itapendeza zaidi nikianza na hadhara. Nilikuwa nimesoma kwenye gazeti kwamba mchezaji akifa watu husimama kimya dakika moja kabla ya mpira. Nikaweka koni mdomoni nikasema, ndugu zangu, tumkumbuke shujaa wetu, na nikalitaja jina lake, lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ambayo nadhani hata viboko wa kule chini kretani waliisikia.

Kukawa kimya. Jamani, kimya kile! Hakuna aliyekohoa. Nikawaza, kumbe watu hawa wana nidhamu hivi, na nikajisikia vizuri kweli (naomba mlikumbuke hilo, nilijisikia vizuri).

Mpira ukaanza. Ngorongoro walikuwa na beki mmoja, binamu wa marehemu, mwenye jina kama lake, nami nilimjua tangu zamani. Ukungu ulikuwa umefunika nusu ya kiwanja, na kila nilipoona mguu wake umegusa mpira nikalipaza jina: anaokoa fulani, fulani tena, hodari sana fulani! Ajabu, yule beki kila nikimtaja alisimama kama amepigwa jiwe, na mshambuliaji wetu akampita akafunga. La kwanza. La pili. Nikadhani hanisikii, namtia moyo haupokei, basi nikaongeza sauti. La tatu. Wazee wa upande ule wakageuka wakakipa kiwanja mgongo. Akina mama wakaziba midomo kwa viganja, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, nikasema moyoni ni baridi. Kapteni wetu akanipungia mikono kutoka katikati ya uwanja, anaishusha, anaishusha, mimi nikaelewa sauti haifiki, nikapanda juu ya jiwe.

Mapumziko yalipofika nilikuwa nimekauka koo na bado sijajua. Sasa hebu sikieni nilivyofanya. Nilitandaza kamba kati ya miti miwili, nikazitundika zile kurasa ishirini kwa miiba ya migunga ili watu wote waone, na upepo wa ukingoni haukunipa hata nafasi ya kurudi nyuma nitazame kazi yangu, ukazing'oa zote ukazimwaga kiwanjani. Morani wakubwa, watu wa kumkabili simba, niliwaona wanaruka pembeni karatasi ya sukari isiwaguse. Waliozikimbilia ni wanafunzi wa shule peke yao, na mnajua wanafunzi wa siku zile, walivyofundishwa kuona maandishi ni kuyasoma, kwa pamoja na kwa sauti. Wakalisoma jina. Wote. Silabi kwa silabi. Mwalimu wao akawafuata mbio na fimbo.

Hapo ndipo baridi ilipoingia ndani ya mifupa yangu, maana nilisikia mzee mmoja anamwambia refa kwa Kiswahili, "Karatu wanafanya makusudi. Wanamwita aliyelala ili watoto wetu washindwe kucheza." Refa akapuliza filimbi ya mwisho, kipindi cha pili hakijaanza hata. Wachezaji wetu wakasogea kwenye lori. Koinet akaja, akaitoa ile koni mkononi mwangu polepole, kama unavyomnyang'anya kisu mtu asiyejua kisu.

"Gwandu," akasema, "nani alikutuma?"

"Hakuna, ndugu yangu. Nilitaka kumkumbuka."

"Kwetu morani akifa, jina lake linalala naye. Halitajwi. Wenye jina hilo wanalibadilisha. Huyo beki sasa anaitwa Lekishon, tangu masika. Mama hajalisikia lile jina tangu siku ile, Gwandu. Hata mara moja. Leo umelipiga kwa bati."

"Sikujua. Wallahi sikujua." (Mimi si Mwislamu, lakini nilikuwa nimekaa sana na Mzee Salehe.) "Nilitaka tu asisahaulike."

Koinet akaniangalia. "Nani alikuambia tumemsahau?"

Sisi Wairaqw tuna miiko yetu ya msiba, migumu hasa, nyumba iliyofiwa hukai nayo moto mmoja mpaka siku zake ziishe, na mimi kwa kujua ya kwetu nilidhani nimejua ya dunia. Kitabu sikukiwaza tena. Nilimwaza yule mama, na nilimwaza Koinet, ambaye hakuwa amepandisha sauti hata kidogo, na rafiki asiyepandisha sauti siku kama ile ndiye anayekutisha.

"Nipeleke kwa yeyo," nikasema.

Tukamkuta nyuma ya lori letu, amekaa kwenye majani, na mkononi ana ukurasa mmoja ambao upepo ulikuwa umempelekea. Moyo ulikwenda mbio nikasema leo ndiyo leo, nakufa hapa mbele ya mama wa watu. Hakuniangalia. Aliangalia picha, kisha akasema kitu kwa Kimasai, maneno machache.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

Koinet akachuchumaa kando yake. "Anauliza kwa nini umemchora na viatu. Hakuwahi kuvaa viatu."

Ni kweli. Katika zile katuni za watalii mashujaa wote wana viatu, nami nikavichora bila kufikiri. Nikatoa raba na kalamu ya risasi mfukoni, nikapiga magoti, nikavifuta viatu pale pale juu ya paja lake, nikachora miguu peku, na kwa haraka yangu kidole gumba kimoja kilitoka kikubwa kupita kiasi. Yeyo akakigusa kile kidole. Akasema neno, Koinet akasema, "Ndivyo kilivyokuwa."

Kisha yule mama akashika karatasi juu, penye wino mwekundu, akaichana taratibu, na kile kipande cha jina akaninyooshea mimi. Nikakipokea. Sasa nikifanyeje? Nikitupe? Upepo utakichukua, wanafunzi watakisoma. Nikiweke mfukoni? Nirudi nalo Karatu, nilale nalo? Koinet ananiangalia, yeyo ananiangalia, wachezaji wananiita tuondoke, na mimi kwa hofu yangu yote nikakitia kinywani nikakitafuna, nikakimeza. Ilikuwa karatasi ya sukari, kwa hiyo ilikuwa na utamu kidogo.

Yule mama akaziba mdomo kwa kiganja na mabega yakamtikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia, na sikuthubutu kumuuliza Koinet. Nikainamisha kichwa kama mtoto, nikangoja, nikangoja sana, nikadhani amekwenda zake, halafu nikausikia mkono wake juu ya kichwa changu.

Kurasa zilizobaki nilizikusanya mwenyewe, kumi na tisa, nikihesabu kama mwendawazimu, na Karatu nikazichoma jikoni kwa Mzee Salehe. Mtu wa Arusha alisema angechapa hata bila jina, tutunge jingine, nikakataa. Mechi haikuhesabiwa. Wachezaji wetu waliniita Bati kwa miaka minane.

Sijatangaza mpira tena na sitatangaza, hata harusi sitangazi. Koinet aliendelea kuniletea katuni, na ilipita zaidi ya mwaka ndipo aliponiambia kwamba ule ukurasa mama yake aliuchomeka ukutani, kwenye boma lao, moshi umeula karibu wote, kilichobaki kinaonekana ni ile miguu. Yeyo naye ametangulia zamani.

Bado naogopa kufa, msidhani nilipona, juzi tu nimejishika mkono nikihesabu. Lakini siku hizi sijui tena kama nataka watu wapige kelele Gwandu, Gwandu, au wawe kama watu wale, ambao siku ile sikujua walikuwa wanampenda kiasi gani. Nanyi nimewasimulia mkasa wote mwanzo hadi mwisho, na mnachojua ni namba ya jezi yake. Msiniulize zaidi. Kile kipande nilikimeza mwenyewe.