Vishikio Sita vya Gitaa la Baba

Kuzeesha kifaa kipya cha gitaa ni kazi ya subira, na mimi ndiye niliyemfundisha rafiki yangu. Nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloniuma hadi leo.

Tulikuwa na kibanda cha kutengeneza magitaa pale Kebirigo, mimi na rafiki yangu niliyekaa naye jandoni. Mteja akileta gitaa kuukuu lililovunjika kishikio cha kukazia nyuzi, vishikio vya madukani ni vyeupe pepepe, havifanani kabisa na vile vilivyobaki. Basi nilichemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi tii, nikakiloweka kishikio kipya humo siku nzima, kisha nikakitundika juu ya meko ya mama kipate moshi wa kuni. Mwisho nilikisugua kwa vumbi la mawe ya Tabaka, yale ya kuchongea vinyago, ili mng'ao ufe. Na kila mteja nilimwambia kinagaubaga: hiki ni kipya, nimekivisha uzee tu.

Gitaa la marehemu baba nililitundika ukutani mle kibandani. Halikuwa la kuuzwa, na rafiki yangu alijua. Nilipokwenda Manga kumuuguza shangazi, nilimwachia ufunguo. Ningemwachia nani mwingine? Nilirudi baada ya mwezi, nikalikuta palepale.

Siku moja mama alipita kibandani akitoka sokoni. Akalipakata gitaa, akapapasa kishikio cha tatu. Kishikio hicho nilikiguguna nikiota meno, baba akicheka badala ya kuninyang'anya. Hadithi hiyo nilimsimulia rafiki yangu mara nyingi, tukicheka pamoja.

"Mtoto wa miezi minane hana meno mapana hivi," mama aliniambia kwa Kikisii.

Nikatazama. Alama zilikuwepo, ila za mtu mzima. Rafiki yangu alikuwa ameloweka, amefukiza, amesugua, halafu akatia kishikio mdomoni mwake na kukiuma, ili anidanganye mimi.

Alipofika nilimuuliza palepale, mbele ya mama. Hakukana.

"Ndugu yangu, ningefanya nini? Ulipokuwa Manga, mtu mmoja wa Nairobi alitaka vile vya zamani, vyote sita, nikamuuzia. Na si wewe mwenyewe hukujua?"

Nilitamani kumzaba kofi. Mkono haukuinuka, kwa maana alisema kweli. Wiki iliyotangulia mteja aliniuliza uzee halisi hutambuliwaje. Mimi, fundi mzima, nililiteremsha gitaa la baba, nikamshikisha kishikio kilekile cha tatu, nikamwambia apapase, kwamba kitu kama hiki hakuna fundi awezaye kukiiga. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando yangu. Aliitikia kwa kichwa, akamwambia mteja, "Msikilize huyu, anajua."