Aliyemponya Mbwa Wangu

Msiniambie nilikuwa nimelewa. Ilikuwa mchana, miaka ya hamsini, na pombe ya mama ilikuwa bado haijaiva. Haya yalinipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa na mbwa jike, Siogopi, mlinzi wa mahindi yetu huku milimani juu ya Iyunga. Macho yake yakaingia weupe kama maziwa yaliyotiwa maji, akawa anajigonga mlangoni. Bwana mifugo alimchungulia, akasema ni mtoto wa jicho: kioo cha ndani kimeingia ukungu, hakuna dawa ya kukisafisha, ni kisu tu, na huku kwetu mbwa hapasuliwi. Akanikataza kumpulizia sukari au chumvi machoni. Nimzoeshe njia tu, basi. Nilikasirika. Mbwa kipofu atafukuza nguruwe gani?

Siku hiyo mimi na Siogopi tulikuwa tukitoka shambani, ukungu umeshuka hadi miguuni, nikamkuta mzee nisiyemjua amekaa njiani. Manyunyu yalitulowesha sisi. Blanketi lake lilikuwa kavu. Siogopi, aliyewahi kumng'ata hata mzee wa kanisa, akajilaza mbele yake akitetemeka. Niliogopa, nasema kweli, ila kiburi kilinizidi. Mzee akasema anaweza kumponya. Kisha akauliza, "Weupe huu nikiutoa, niuweke wapi?"

Si mnawajua waganga wetu? Ugonjwa wakiutoa huuhamishia kwa kuku, au huuacha njia panda. Mimi, msomi wa darasa la nne, nikacheka.

"Weka popote, mzee. Hata nyumbani kwangu."

Akapitisha kidole gumba machoni mwa mbwa. Siogopi akainua kichwa, akanitazama usoni. Nilipogeuka kushukuru, njia ilikuwa tupu.

Tulikimbia, Siogopi mbele, akiruka mifereji. Jikoni moto ulikuwa unawaka vizuri. Mama, ambaye asubuhi ile alichambua maharage bila kuacha hata jiwe moja, alikuwa amekaa mbele ya moto huo.

"Mbona mmezima moto?" akauliza.

Nilimpeleka hadi hospitali ya misheni, Tosamaganga. Daktari akasema weupe ule ni wa miaka mingi, na kisu hakitasaidia tena.

Mama aliishi gizani hadi alipofariki. Siogopi ndiye aliyemwongoza kwenda kanisani, na kila waliyekutana naye mama alimwambia kwa furaha, "Huyu mbwa aliponywa na mwanangu." Sikuwahi kumsahihisha. Niliona aibu, na bado naiona.

Wewe mwenye mbwa wa macho meupe, msikilize bwana mifugo, mpende mbwa wako alivyo. Na mtu usiyemjua akikuuliza jambo njiani, usimjibu kwa mzaha. Mama yako yuko jikoni.